Daftari la mazoezi: kwa nini wanafunzi wa maigizo huandika yanayotokea kabla ya onyesho

Wakazi wengi wa Simiyu wamewahi kusimama kwenye uwanja wa shule au pembeni ya mnada wakitazama kikundi cha vijana kikiigiza kuhusu mimba za wanafunzi, malaria au matumizi ya choo. Igizo huchukua nusu saa. Watu hucheka, hupiga makofi, mwenyekiti wa kijiji hushukuru, na gari la mradi huondoka. Baada ya miaka miwili huja kikundi kingine na igizo lilelile: msichana yuleyule, bodaboda yuleyule, baba mlevi yuleyule. Aliyekuwepo mara ya kwanza hujiuliza, yale tuliyosema siku ile yalikwenda wapi?

Wanaosomea sanaa za maonyesho wana jibu la swali hilo, na jibu lenyewe ni la gharama ndogo: daftari. Katika makala haya tunaeleza daftari hilo ni la nini, huandikwa nini ndani yake, na kwa nini vikundi vya vijijini na klabu za shule vinalihitaji pengine kuliko hata wanafunzi wa chuo.

Tuanze na maana. Mwanafunzi wa maigizo akiwa chuoni hatakiwi kuleta onyesho peke yake. Hutakiwa pia kueleza alifikaje pale. Kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuweka kumbukumbu: nani alikuwepo mazoezini, nini kilijaribiwa, nini kilikataliwa na nani alikikataa. Ya pili ni tafakuri, yaani kukaa na kumbukumbu hizo na kujiuliza kwa nini mambo yalikwenda vile yalivyokwenda. Wengine huliita daftari hilo shajara. Sisi tutaliita daftari la mazoezi.

Kwa nini maigizo hasa? Fundi akijenga nyumba, nyumba inabaki, na fundi mwenzake anaweza kuja kuitazama akajua ilijengwaje. Igizo likiisha, uwanja unabaki mtupu. Maandishi yakiwepo angalau maneno yatabaki, lakini maigizo mengi ya huku kwetu hayaandikwi kabisa. Waigizaji hukubaliana mtiririko wa matukio, kisha kila mmoja hutafuta maneno yake papo hapo. Siku kikundi kinapovunjika, kila kitu huondoka na watu.

Malya, jirani zetu

Mfano mkubwa wa jambo hili hauko mbali. Malya iko wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya Chuo cha Maendeleo ya Michezo na kwa sababu iko kwenye njia ileile ya reli inayopita Malampaka, wilayani Maswa. Mwaka 1982 na 1983 walimu watatu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi pale na wanakijiji. Walikuwa Penina Mlama, ambaye waliosoma tamthilia zake shuleni wanamkumbuka kwa jina la Penina Muhando, pamoja na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi.

Ili kuelewa walichokuwa wanajaribu, inafaa kukumbuka hali ya sanaa wakati huo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vikundi vya ngoma, kwaya na ngonjera vilienea shuleni, viwandani na vijijini. Kazi yao kubwa ilikuwa kueleza siasa ya nchi na kuwasifu viongozi. Ujumbe ulitoka juu, ukapewa mdundo, ukaimbwa chini. Walimu hawa walitaka kuugeuza mwendo huo. Wanakijiji wenyewe waseme tatizo lao ni nini, wenyewe walichambue, wenyewe watengeneze onyesho kwa ngoma na michezo wanayoijua, kisha onyesho likiisha watu wasitawanyike, wakae wajadiliane wafanye nini.

Hatua hizo ndizo hadi leo hufundishwa chini ya jina la sanaa za maonyesho kwa maendeleo: kuwafahamu watu, kukusanya habari, kuchambua, kutengeneza onyesho, kuonyesha, kujadili, na kurudi kufuatilia. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu gari lina ratiba nyingine.

Pale Malya ngoma za Kisukuma zilitumika, na miongoni mwa matatizo yaliyojitokeza ni wasichana wa shule kupata mimba na vijana kukosa shughuli za kuwaingizia kipato. Msomaji wa Itilima au Meatu akisoma hapo anaweza kudhani tunazungumzia mwaka huu. Zaidi ya miaka 40 imepita.

Tunajuaje yaliyofanyika Malya? Kwa sababu yaliandikwa. Mwaka 1991 Mlama alitoa kitabu kuhusu utamaduni na maendeleo, kinachoeleza kazi hiyo na nyingine za aina hiyo hapa nchini. Wanafunzi wa sanaa Nairobi, Kampala na Ulaya wamejifunza kutokana na Malya. Ila kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kilichapishwa Uppsala, Sweden. Hatusemi hivyo kumlaumu mwandishi. Bila yeye tusingekuwa na kitu. Tunachosema ni kwamba kijana anayeanzisha kikundi cha maigizo leo pale Malya, au ng'ambo ya mpaka kule Maswa, ana njia ndefu ya kusafiri ili ajue babu na bibi zake walibishana nini kuhusu jambo lilelile analotaka kuliigiza.

Mwaka 1996 Mlama na Lihamba walianzisha kazi nyingine inayojulikana zaidi kwa wazazi wa leo: Tuseme. Wanafunzi wa kike wa sekondari walipewa nafasi ya kutaja mambo yanayowarudisha nyuma shuleni, wakayatengenezea maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Baada ya hapo klabu za Tuseme zilibaki shuleni. Mpango huo baadaye ulivuka mipaka na kutumika katika nchi nyingine za Afrika kupitia shirika la FAWE. Klabu inayobaki ni jambo zuri. Lakini wanafunzi wa klabu humaliza kidato cha nne na kuondoka, na wanaowafuata huanza upya kama hakuna daftari lililobaki kabatini.

Ukurasa mmoja

Tuchukue mfano wa kutunga, tuone daftari linavyofanya kazi. Tuseme wanafunzi kumi wa sanaa wamekuja kwenye kijiji kimoja cha Bariadi msimu wa kuuza pamba. Wanatengeneza igizo kuhusu mwanafunzi wa kidato cha pili aliyepata mimba. Igizo lao la kwanza ni lile tunalolijua: binti anapenda soda na vocha, bodaboda anamdanganya, binti analia, mwalimu anatoa nasaha. Mtu mmoja katika kikundi amepewa kazi ya kuandika. Angeweza kuandika hivi:

"Jumanne. Leo tulifanya mazoezi. Yalikwenda vizuri. Changamoto ni muda."

Sentensi hizo ni za kweli na hazimsaidii mtu yeyote. Sasa tuone ukurasa wa namna nyingine kuhusu siku ileile:

"Jumanne. Tumefika tisa, mmoja anaumwa. Tumerudia tukio la baba kugundua mimba. Mara ya kwanza baba alimpiga binti na watoto waliokuwa wanatazama walicheka. Tulisimama tukajiuliza wanacheka nini. Mara ya pili baba hakusema neno, akageuka kuangalia zizi la ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mti akasema, 'Huyo anahesabu.' Wote wakamwelewa isipokuwa sisi tuliotoka mjini. Tumeamua kubaki na ukimya. Anayeigiza mama hajaridhika. Anasema katika tukio lote mama hana hata neno moja. Kesho tuanze na hilo."

Ukurasa huo umebeba mambo ambayo igizo lenyewe halitayasema waziwazi. Neno moja la mzee, "anahesabu," linafungua mlango: kuna familia ambazo kesi ya mimba humalizwa nyumbani kwa ng'ombe. Kila mtu kijijini anajua kwamba kumpa mwanafunzi mimba ni kosa, na kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Igizo la kwanza liliitangaza adhabu hiyo kwa sauti kubwa. Halikuuliza nani atakwenda kutoa ushahidi ikiwa baba wa pande zote mbili wameshakubaliana. Wanafunzi wale wasingelipata swali hilo chuoni. Walilipata kwa sababu tukio moja lilichekwa, wakalibadilisha, mtu akatoa neno, na mwenzao akaliandika kabla halijasahaulika.

Ukurasa huohuo pia umeweka jambo ambalo halijatatuliwa: mama hana la kusema. Huyo aliyelalamika angeweza kunyamazishwa kwa haraka ya kumaliza mazoezi. Likiwa limeandikwa, kesho yake ni vigumu kulipita.

Hapo ndipo tafakuri inapoanza. Jioni, au mwisho wa wiki, kikundi hukaa na kusoma kurasa. Nani amezungumza sana na nani hajasikika? Tulipobadilisha tukio, tulibadilisha kwa sababu lilikuwa la uongo au kwa sababu lilimkera kiongozi fulani? Watu walicheka wapi, na kicheko kile kilikuwa cha kufurahi, cha aibu au cha dharau? Maswali ya namna hii huwa na majibu ambayo kikundi hakipendi kuyasikia, na kusema kweli ndiyo sababu baadhi ya vikundi hukwepa kuandika.

Daftari hili lisichanganywe na ripoti. Ripoti humwendea anayetoa fedha, nayo hupenda hesabu: watu waliofikiwa, vijiji vilivyotembelewa, vipeperushi vilivyogawiwa. Ina kazi yake. Lakini hatujaona ripoti yenye sentensi "watoto walicheka tukajiuliza wanacheka nini." Anayetaka kujifunza kutengeneza igizo atajifunza kwenye sentensi hiyo.

Wapo waandishi wakubwa walioacha maelezo ya aina hii hadharani. Ebrahim Hussein, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipochapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 aliweka utangulizi unaomweleza msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu aliyeumbwa na mwandishi, asichukuliwe kuwa ndiye yuleyule wa historia ya vita vya Maji Maji. Kwa maneno machache alionyesha alipochukua historia na alipoiacha. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimesoma tamthilia hiyo. Sijui wangapi walifungua utangulizi, maana mtihani haukuuliza hapo.

Manju naye ana tafakuri

Msikilizaji anaweza kusema haya ni mambo ya wasomi. Tunadhani wacheza mbina watakataa. Katika Usukuma, Bagika na Bagalu wameshindana kwa vizazi vingi, na jadi inawataja Ngika na Gumha kuwa waanzilishi wa pande hizo mbili. Baada ya mavuno vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watu huhama kutoka upande huu kwenda ule. Anayebaki na umati mkubwa ameshinda. Katika sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa, hali hiyo huonekana kila mwaka mwezi Juni.

Manju anayeshindana namna hiyo lazima afikiri juu ya kazi yake. Huona ni wimbo gani uliowavuta watu na ni upi uliowafanya wasogee upande wa pili. Hubadilisha maneno, huongeza wachezaji, huleta kitu kipya ambacho mpinzani hakukitegemea. Hukaa na wenzake usiku wakahesabu walikokosea. Hiyo ni tafakuri kamili. Tofauti ni kwamba imekaa kichwani, na wakati mwingine hufichwa kwa makusudi ili mpinzani asiipate. Manju akifariki, nyimbo chache hubaki midomoni mwa watu, na sababu za kuzitunga namna ile huenda naye.

Mtafiti wa Kimarekani, Frank Gunderson, alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma, zikiwemo za bugobogobo, akazichapisha mwaka 2010 katika kitabu kikubwa chenye maelezo yake. Ni hazina. Nacho kiko kwa Kiingereza na hakipatikani dukani Bariadi. Ukiweka Malya na nyimbo hizi pamoja utaona kwamba kazi ya ubunifu ya watu wa huku imeandikwa vizuri zaidi na wageni na wasomi kuliko na wenye nayo, na nakala ziko mbali.

Simu, na majina ya watu

Siku hizi mtu anaweza kusema daftari la nini wakati kila kijana ana simu. Simu ni msaada mkubwa. Hata simu ndogo ya vitufe nyingi zina sehemu ya kurekodi sauti, na kikundi kinaweza kurekodi mjadala wa watazamaji baada ya onyesho, jambo ambalo walimu wa Malya mwaka 1982 wasingelifanya kwa urahisi hivi. Sauti hubeba kicheko, ukimya na Kisukuma chenyewe, vitu ambavyo kalamu huvipoteza.

Ila simu hujaa, huanguka majini, huuzwa. Video zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp hufutwa mtu anapotafuta nafasi. Na saa mbili za sauti bila maelezo ni kama gunia lisilo na alama. Hakuna atakayekaa kulisikiliza lote. Kwa hiyo ushauri wa wanaofanya kazi hii ni kutumia vyote viwili. Rekodi kwa simu, kisha siku hiyohiyo andika kwenye kaunta buku: tarehe, mahali, dakika gani kuna jambo gani. Kaunta buku moja linatosha msimu mzima.

Jambo zito zaidi ni majina. Maigizo ya vijijini hutengenezwa kwa habari za kweli, na kijiji ni kidogo. Binti akisimulia mazoezini yaliyomkuta, simulizi lake likaandikwa na jina lake, daftari lile limekuwa kitu cha hatari. Linaweza kusomwa na mjomba, na mwalimu, na yule aliyemkosea. Picha ya mazoezi ikirushwa mtandaoni bila ruhusa, msichana aliyeigiza mjamzito anaweza kuitwa hivyo njiani mwaka mzima. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, adabu ingetosha.

Njia inayotumika ni rahisi. Usiandike jina la mtu kwenye simulizi, andika "msichana wa kwanza," "mzee wa chini ya mti." Kijiji nacho kiache bila jina ikiwa kesi inajulikana. Omba ruhusa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, na kwa mtoto omba ruhusa kwake na kwa mzazi au mlezi, isipokuwa pale mzazi mwenyewe ndiye sehemu ya tatizo. Hapo acha kabisa kurekodi, mpeleke mtoto kwa mwalimu wa malezi, ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi. Kuna mambo ambayo hayastahili kuwa igizo kwanza.

Kwa upande mwingine, majina ya waliotunga yaandikwe. Wimbo uliotungwa na mwanamke mmoja mazoezini huweza kusikika baadaye kwenye spika ya duka ukiwa na jina la mtu mwingine. Daftari lenye tarehe, lililoandikwa wakati kazi inafanyika, si cheti, lakini ni mahali pa kuanzia siku mtunzi atakapokwenda kudai haki yake COSOTA.

Likae wapi?

Tumeuliza swali hili sana kuliko mengine, kwa sababu daftari la mwanafunzi wa chuo huishia kwa mwalimu wake na la mradi huishia ofisini mjini. Kwa maoni yetu nakala moja ibaki pale kazi ilipofanyika. Shule ya kata ina kabati. Ofisi ya kijiji ina kabati, ingawa funguo zake huwa safarini. Kikundi chenyewe kinaweza kumteua mtu mmoja asiyehamahama, na mara nyingi huyo ni mama mtu mzima kuliko kijana, awe mtunzaji. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kijijini waambiwe mapema: mtaondoka na daftari lenu, lakini mtatuachia nakala, na iwe katika lugha tunayoisoma. Kama mazoezi yalifanyika kwa Kisukuma, maneno ya watu yaandikwe kwa Kisukuma. "Anahesabu" ya yule mzee kwa lugha yake ina uzito ambao tafsiri haiwezi kuufikia.

Vikundi vinavyokuja studio kurekodi maigizo, njooni na daftari lenu. Tutarekodi igizo kwanza. Kisha tutawaomba mfungue ukurasa wa siku mliyobishana kuliko siku zote, tuwaulize kuhusu siku hiyo.